Nafasi ya Kidole Kimoja

Kilimani hakuna anayekufa akaondoka. Mtu akinyamaza hunyamazia pale pale alipoketi, kisha mwingine huja akaketi juu yake, na mwingine juu ya huyo, hata ukiuliza Kilima kimejengwa kwa nini utaambiwa kimejengwa kwa watu, na aliyekuambia hatakuwa amekufumbia fumbo. Jua halifiki huko chini ya bahari. Linasemwa tu, kama unavyosemwa uzuri wa bibi ambao hakuna mjukuu aliyeuona. Baridi ni ya kudumu, giza ni la kudumu, na chakula ni chenga: vipande vidogo vidogo vya uhai wa walioko juu, vinavyodondoka polepole kutoka mahali ambapo hakuna mkazi wa Kilima aliyewahi kufika. Nyingine huletwa kutoka ubavuni na Mkondo, yule mpishi asiyeonekana ambaye watu walimsifu akileta na kumsema akichelewa. Nchi nyingine husema subira huvuta heri. Kilimani msemo huo haukuwa na maana, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kuvutia heri. Walikuwa na vinywa vilivyo wazi na mikono ya kupokea, basi.

Kabla ya kuketi, mtu huelea. Huo ndio ujana wao: mwepesi, hana uti, anasukumwa huku na huku akizozana na kila anayepita. Ujana ukianza kumlemea, hutafuta pa kuketi. Akishaketi, nyayo zake hushika, zikageuka chokaa, na habari ya kwenda mahali imekwisha. Ndiyo maana kuketi ni jambo la kufikiriwa kwanza, ingawa sijasikia bado kijana wa nchi yoyote aliyefikiri kwanza.

Huwezi kumkalia mtu bila kumbishia hodi. Kufa kwake si sababu ya kumvunjia heshima. Kijana husimama juu ya mahali alipopachagua, akapiga hodi mara tatu, na kwa kuwa walio chini hawana tena midomo, yupo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuitikia kwa niaba yao. Huyo ndiye mwitikiaji. Baada ya hodi ya tatu, mwitikiaji hutaja majina ya walio chini yake mwenyewe, wanaowasimamia wafu wote wa Kilima, kuanzia wa juu kabisa hadi wa mwisho anayejulikana, bila kuruka hata mmoja, kisha husema: wote hao wanakuambia karibu, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapo kijana hushusha nyayo. Na asipoitikiwa je? Hilo hata mtoto analijua. Hodi tatu zisizoitikiwa, unashika njia yako, na hakuna aliyekukosea. Ila Kilimani halijawahi kutokea, au tuseme hakuna aliyekumbuka kuwa liliwahi kutokea, na hayo ni mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya.

Wakati wa habari hii mwitikiaji alikuwa Mwatumu binti Kidawa, mwanamke mpole mwenye kumbukumbu kali. Majina mia mbili na kumi na saba alifundishwa na mama yake, marehemu Bi Kidawa, kwa kurudiarudia hadi akawa anayataja usingizini. Katikati ya majina hayo palikuwa na mahali ambapo mama alimziba mdomo kwa kiganja. "Hapa weka nafasi," alimwambia. Mwatumu akauliza nafasi ya nini. Mama akasema hajui, naye aliambiwa hivyo na mama yake. Labda ni ya kuvuta pumzi, maana majina ni mengi na kifua ni kimoja. Basi miaka yote Mwatumu akifika hapo alivuta pumzi, na watu waliokuwa wakisikiliza walikohoa na kujinyoosha, kama walio msikitini kati ya hotuba mbili.

Jina linalotangulia nafasi hiyo lilikuwa la Bi Nitarudi. Aliyeketi juu ya Bi Nitarudi, aliyeketi juu ya, kisha kimya, kisha Bi Fundo, na safari ya kwenda chini ikaendelea. Watoto walilicheka sana jina hilo. Mzazi gani atamwita mwanawe Nitarudi? Wengine walisema alikuwa mtu wa kuahirisha mambo, akitumwa kitu husema nitarudi, hata likamganda. Tena kila mtu katika orodha alitajwa na mama yake, fulani binti fulani, lakini Bi Nitarudi hakuwa binti wa mtu yeyote. Mwatumu alidhani ni mahali ambapo bibi mmoja huko nyuma alisahau.

Nafasi. Lenyewe neno hili ni la ajabu. Mtu akikuambia sina nafasi, ana maana ana shughuli. Akikuambia hakuna nafasi, ana maana pamejaa. Akikuambia nipe nafasi, anakuomba usogee, au umsamehe, au umwache ajaribu bahati yake. Ondoa sauti moja tu katikati, inabaki nafsi. Mwatumu aliyawaza haya akisubiri chenga, na watu wanaosubiri huwaza sana, ndiyo maana Kilima kilikuwa na wanafalsafa wengi na mafundi wachache.

Kileleni aliketi Sheha Mbaruku. Sheha hakuwa mtu mbaya, na nalisema mapema kwa sababu katika habari za namna hii msomaji huwa ameshamtafuta mbaya kabla hajaletewa. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kubembeleza watoto, na utawala wake wote ulikaa juu ya neno moja: hatujakatika. Tangu wa kwanza hadi sisi, mtu juu ya mtu, hakuna pengo. Watu waliapa kwa neno hilo, walipatanishwa kwa neno hilo, na kijana aliyetamani kuufuata Mkondo akaone kuna nini huko unakokwenda aliambiwa mwacha asili ni mtumwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Sheha alikuwa na watoto saba. Sita aliwakalisha mwenyewe, kwenye ubavu wa kusini uliokuwa na sifa ya chenga nyingi. Wa saba, kitindamimba wake, aliitwa Mize, na alikuwa bado anaelea.

Kisha maji yakashikwa na homa. Haikuwa homa ya kumfanya mtu apige mayowe. Ilikuwa ile ya kugusa paji la uso na kusema, mbona una joto. Chenga zikapungua, na zilizofika zilikuwa zimeliwa njiani, kama sahani iliyopita mikono mingi. Mkondo uliokuwa ukipita kwa nguvu hadi watu wazima wakawa wanashikana viuno ukalegea, ukawa unakuja mara moja na kukosa mara tatu, na hewa ikawa haba kifuani. Watu wa ubavu wa kusini wakaanza kunyamaza. Hawakunyamaza kwa uzee. Mtu alikuwa anazungumza na jirani yake mambo ya kawaida, anaacha neno katikati, na jirani anasubiri alimalize. Watatu kati ya walionyamaza walikuwa watoto wa Sheha.

Sheha akatoa amri: vijana wote waliobaki wataketi msimu huu. Kilima kinahitaji mifupa mipya, la sivyo kitaporomoka. Wa kwanza kuitwa alikuwa Siwema, mtoto wa pekee wa Mwatumu, na wa pili alikuwa Mize, kwa sababu Sheha hakuwa mtu wa kuwaamrisha wenzake jambo asilolifanya mwenyewe.

Mwitikiaji hurithi vitu viwili, majina na mrija. Mrija ni bomba refu la mfupa mgumu. Huzamishwa chini ya mahali alipoketi mwitikiaji, na ukivutwa hupanda na ufito, kijiti kirefu cha tabaka juu ya tabaka ambamo walio chini wanaonekana kwa mpangilio waliokaa. Ufito husomwa kwa ulimi. Ndani ya kila mfupa mna chembe ya madini ambayo, tangu mtu anaponyamaza, huanza kugeuka kuwa madini mengine, bila haraka na bila kusimama, na ulimi uliofundwa huonja imefika wapi. Huyu ana miaka mia nne. Huyu elfu na ushei. Kabla ya kila hodi mwitikiaji huupandisha ufito na kuwapitia wote, ili asije akawataja watu ambao hajawasalimu.

Lakini kabla ya kusomwa, ufito huoshwa. Nani atamlamba marehemu na tope lake? Ni suala la adabu. Mwitikiaji huushika mbele ya Mkondo, Mkondo ukausugua hadi unabaki mfupa mweupe mtupu, vipande vilivyoachana huunganishwa, ndipo usomaji huanza. Bi Kidawa aliosha. Mama yake aliosha. Vizazi kwa vizazi vya wanawake wenye heshima zao waliosha, wakaunganisha, wakasoma kila mfupa peke yake bila kulinganisha miaka yake na ya unaofuata, na wote wakaona kwamba mtu yuko juu ya mtu na hakuna pengo.

Mwatumu aliupandisha ufito ili ajiandae na hodi ya mwanawe. Akaushika mbele ya Mkondo. Mkondo haukuja. Akangoja kwa muda ambao ungetosha kutaja majina yote mara mbili, na bado haukuja. Akaamua kuusoma mchafu, huku akiwaomba radhi mmoja mmoja, samahani bibi, samahani shangazi, na hivyo kwa mara ya kwanza tangu mrija huo uanze kurithiwa kukawa na mtu aliyeuona ufito kama ulivyotoka chini.

Kati ya Bi Nitarudi na Bi Fundo palikuwa na tope. Unene wake ulikuwa wa kidole kimoja. Ndani yake hamkuwa na mfupa wala alama ya unyayo.

Akamwonja Bi Nitarudi. Akamwonja Bi Fundo. Akarudia, maana hata ulimi hukosea, akarudia tena na tena mpaka mara nne. Kati ya ladha hizo mbili palikuwa na miaka elfu kumi na moja.

Mimi ni nani hapa. Mimi ni Mwatumu, nimeketi juu ya Kidawa. Hapana, mimi ni Fundo, na juu yangu hakuna aliyeketi. Huko juu, mbali, barafu iliyokuwa imeiezeka dunia inayeyuka. Maji yasiyo na chumvi yametandaza shuka usoni mwa bahari na Mkondo umekosa njia ya kushuka. Jirani yangu ameacha neno katikati. Nasubiri. Chenga moja imenipita, sikuinua mkono. Tope linashuka, laini, linanifunika magoti kama mama anayemfunika mtoto. Zamani Mkondo ungelipeperusha. Tumebaki wangapi? Hakuna anayejibu. Nikipiga hodi mimi, ataniitikia nani?

Aliporudi katika nafsi yake alikuwa analia, na kulia ndani ya maji ni kazi bure, hata aliye karibu nawe hajui. Alilia kwa ajili ya Bi Fundo, ambaye alimtaja maisha yake yote kwa pumzi mpya, kwa furaha, kwa sababu alikuwa wa kwanza baada ya kupumzika. Kilima kilikuwa kimekufa. Kwa muda mrefu kuliko muda wote ambao majina yalijua kuutaja, chini huku hapakuwa na mtu wa kusema kuna giza. Basi wale walioanza tena walikuwa watoto wa nani? Kitu kikifa kikafufuka ni kile kile, au ni kingine kilichovaa nguo za marehemu? Na sisi tunaosema hatujakatika, ni waongo, au ni watu walioosha mno?

Akautazama tena ufito, na hapo akaona jambo jingine. Bi Nitarudi hakuwa ameketi kwenye tope. Tope lilikuwa pana na laini, mtu wa kubahatisha angetua popote akazama. Yeye alikuwa ametafuta ncha ya bega la Bi Fundo, iliyokuwa imechomoza juu ya tope miaka hiyo yote, akaweka nyayo zake hapo hasa, kama mtu aliyekuwa ameelekezwa mlango. Alitoka kwingine, hilo lilikuwa wazi, kwa kuwa hapa hapakuwa na mtu wa kumzaa. Huko kwingine kulikuwa na kilima, kidogo labda, mahali ambapo maji yalibaki baridi na chenga hazikukoma. Na huko walifikaje? Walifika kwa sababu kabla ya tope kuna waliokwenda. Lau wangeketi wote kwa amri, ufito ungeishia kwa Bi Fundo, na leo kusingekuwa na ulimi wa kumwonja.

Jambo la mwisho aliloonja halikumpa raha. Ile homa ya zamani ilipanda kwa vizazi mia. Hii ya sasa ilikuwa imepanda ndani ya umri wake mwenyewe. Tena maji haya yalikuwa na ukali ambao hakuukuta popote katika ufito. Mifupa ya nje ilikuwa imeanza kulika, kama sukari iliyoguswa na mkono wenye jasho. Safari iliyopita, mifupa ilingoja. Safari hii hakuwa na hakika kama itaweza kungoja.

Kilimani sauti hupita kwenye mifupa, na mtu akitaka siri huibana sauti yake hadi ipite kwenye uti mmoja tu. Mwatumu aliibana yake akampelekea Sheha. Sheha alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Akauliza kama hakukosea, naye akamwambia ameonja mara nne. Akauliza kama hilo tope haliwezi kuwa ni uchafu tu. Mwatumu akasema ni uchafu, ila umelala hapo miaka elfu kumi na moja, na mama zangu walikuwa wanauosha. Sheha akanyamaza kwa muda, hata Mwatumu akaogopa kwamba naye ameacha neno katikati.

"Sita niliwakalisha mimi," Sheha alisema hatimaye. "Kwa mkono wangu huu. Niliwaambia hapa hapajawahi kukatika, kaeni. Leo ukisema palikatika, mimi niwaambie nini?"

Watatu kati yao hawasikii tena, ndivyo Mwatumu alivyotaka kusema, na akashukuru baadaye kwamba alilimeza. Alisema tu kwamba hakuja kumwaibisha.

"Najua," Sheha akasema. "Afadhali ungekuja kuniaibisha, ningejua la kufanya."

Hakuiondoa amri. Alisema Siwema atapiga hodi na wa chini watamwitikia, na kwamba watu wenye njaa wakinyang'anywa na asili yao watabaki na nini. Mwatumu hakumchukia. Alijua jinsi mzazi anavyoweza kulishikilia neno moja kwa sababu watoto wake wamekaa juu yake.

Akabaki na Siwema. Mtoto huyu alikuwa na tabia ya kuning'inia karibu na bega la mama yake, akimtania kwamba atakapoketi hapo mama asije akalalamika kuwa analemewa. Bega hilo alilichagua tangu utotoni. Mwatumu akamweleza yote, ufito, tope, kidole kimoja, bila kupunguza. Akamwambia Mkondo utapita kwa nguvu mara moja zaidi msimu huu, na baada ya hapo hajui. Akamwambia aende nao.

"Niende wapi, mama?" Siwema akauliza. "Kilima kingine sikijui. Huko nitakuwa mgeni wa nani?"

Mama akasema hajui, ila wapo waliowahi kwenda bila kujua.

"Na wewe?"

"Mimi nimeshaketi, mwanangu."

"Basi nami nitaketi," Siwema akasema. "Ukinyamaza, ninyamaze nikiwa begani kwako. Sitaki kuishi mahali ambapo sikusikii."

Mtoto akikupenda kwa namna itakayomuua, utamkatalia kwa maneno gani? Mwatumu aliyatafuta maneno hayo katika majina yote mia mbili na kumi na saba, na hakuyapata. Kumfukuza hakuweza. Kumdanganya hakujua. Kitu kimoja tu kilikuwa mikononi mwake, nacho kilikuwa kazi yake, ile aliyorithi, ambayo hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kufanywa kwa namna nyingine.

Wakati ulipowadia Kilima kizima kilisikiliza. Hata wa ubavu wa kusini, waliosalia, waliacha kupokea chenga ili wasikie. Siwema alisimama juu ya bega la mama yake, mwepesi, hajagusa bado.

"Hodi," akasema.

Uzito wake ulikuwa karibu kiasi kwamba Mwatumu aliuhisi kwenye mfupa.

"Hodi."

Maji yalikuwa yametulia, yana joto.

"Hodi wenyewe."

Mwatumu akafungua kinywa. Mimi Mwatumu binti Kidawa, niliyeketi juu ya Kidawa binti Zamda, aliyeketi juu ya Zamda binti Mwanatenga, aliyeketi juu ya Mwanatenga. Sauti yake ilishuka kama ilivyoshuka siku zote, haina papara, jina kwa jina, na waliomsikiliza walifarijika, kwa kuwa hakuna kinachofariji kama kusikia mambo yaleyale kwa mpangilio uleule. Sheha naye, kileleni, alianza kupumua vizuri. Akashuka, akashuka, hata akafika kwa Bi Nitarudi. Aliyeketi juu ya Bi Nitarudi, akasema. Aliyeketi juu ya

 

 

Watu wakakohoa. Wakajinyoosha. Wakamaliza kukohoa. Kimya kikaendelea. Wakajinyoosha tena, kwa sababu hawakujua la kufanya, kisha wakaacha. Kuna aliyenong'ona kwamba mama wa watu amesahau, na jirani yake akamwambia Mwatumu hasahau. Kimya kikapita mahali ambapo pumzi ya mtu inaweza kufika. Ndipo wakaanza kukisikia. Maisha yao yote walikuwa wamesimuliwa kisa hiki, kila hodi, na wakati wa kukifikia wao walikuwa wanakohoa. Hakuna aliyewaeleza kitu. Walisikia tu jinsi kulivyo kutokuwapo kwa mtu, wakaelewa kwamba hapo katikati kuliwahi kutokuwapo mtu.

"Mama," Siwema akasema kwa sauti ndogo, ya kumsaidia. "Ni Bi Fundo."

Mwatumu akaishikilia pumzi. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, pamoja na karibu, pamoja na mgeni njoo mwenyeji apone, na yote yalimchoma. Angeweza kuyatoa kwa kulegeza mdomo tu, na angekuwa na mwanawe begani hadi mwisho wao wote wawili.

Sheha ana haki moja kwa desturi: mwitikiaji akishindwa, yeye hummalizia. Watu wakamsubiri. Sheha alilijua jina, kila mtu alilijua. Walisikia anavuta pumzi kule kileleni. Baada ya hapo hawakusikia kitu kutoka kwake.

Kisha ubaridi ukagusa nyayo za watu wa chini, ukapanda. Ulikuwa Mkondo, ule wa mwisho wa msimu, unakuja kwa nguvu zake za zamani, na waliokuwa wameketi wakashikana viuno kama zamani. Siwema aliyumba. Alikuwa hajashika popote. Alimtazama mama yake, ikiwa kutazama ndilo neno la kutumia mahali penye giza, na mama yake hakufungua kinywa. Alikuwa mtoto wa mwitikiaji. Adabu iliingia ndani yake kabla ya mfupa, na aliijua sheria ya hodi tatu kabla hajajua jina lake mwenyewe.

"Haya," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asilie mbele ya watu. "Naona wenyewe hawapo. Nitarudi."

Mkondo ukamchukua.

Mwatumu akalisikia neno hilo likienda, likirudiwa mara moja, mara mbili, mbali zaidi, na akajua ni nani katika orodha ambaye hakuwa binti wa mtu yeyote, na kwa nini. Hakuwa amesahauliwa mama yake. Mama wa aliyelisema neno hilo kwanza alikuwa amenyamaza. Nafasi ile haikuwa ya kuvuta pumzi. Kuna mwanamke aliyekaa hapo kabla ya tope, mwitikiaji kama yeye, na alimfanyia mwanawe hivi hivi, na neno la mwana huyo likarithiwa huko kwingine pamoja na majina ya chini, hadi mmoja wa uzao wake akarudi nalo likiwa jina lake. Akaiachia pumzi yake, taratibu, bila jina ndani yake.

Muda mrefu ukapita, Mkondo ukiwa bado unavuma. Kisha sauti ikaja kwenye uti mmoja tu, imebanwa hadi ikawa nyembamba, na Mwatumu akaitambua.

"Mwatumu," Sheha alisema. "Mize ndiye anayefuata kupiga hodi."

Akangoja.

"Majina ni mengi," akasema, "na kifua ni kimoja. Hakuna atakayekulaumu ukipumzika tena pale pale."

Mwatumu hakumjibu.

"Ahsante," Sheha akasema.